Hisia hazikumsubiri Beethoven
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema muziki wa Ulaya wa karne ya 18 ulikuwa wa adabu na mapambo tu, na kwamba hisia ziliingia alipokuja Beethoven, mtunzi wa muziki wa Kijerumani. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 1753, miaka 17 kabla Beethoven hajazaliwa, Carl Philipp Emanuel Bach, mpiga kinanda wa mfalme wa Prussia, alichapisha kitabu Berlin akisisitiza kwamba mwanamuziki hawezi kumgusa msikilizaji kama yeye mwenyewe hajaguswa. Wala hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1772 Charles Burney, Mwingereza aliyeandika historia ya muziki, alimtembelea mjini Hamburg, Ujerumani, akamsikiliza akipiga mpaka karibu saa tano usiku, macho ameyakaza, mdomo wa chini umelegea, jasho linamtoka. Na chombo chenyewe kilikuwa klavikodi, kinanda chenye sauti ndogo mno. Niliwahi kuruhusiwa kukigusa kimoja: ukibonyeza, kipande cha shaba kinagota waya na kubaki pale pale, kwa hiyo ukikitikisa kidole kidogo tu, noti nayo inatetemeka kama sauti ya mtu anayezuia kilio. Dirisha likiwa wazi, kelele za barabarani zinaifunika kabisa. Ni muziki wa kusikilizwa na watu wawili watatu chumbani, usiku, kimya. Huo ndio uitwe baridi? Kuna msomaji hapa aliyewahi kuusikia kwenye klavikodi yenyewe, si kwenye piano ya ukumbini?