Hewa ya Mtwara haina kosa, kosa lipo chumbani

Mkazi wa Shangani, Mtwara, au Lindi mjini akilalamika kwamba kalathea yake, ua la ndani la majani yenye michoro, inakauka kwa sababu ya hewa kavu, muulize kwanza kama chumba kina kiyoyozi. Asubuhi nyingi hewa yetu ya pwani huwa na unyevu unaozidi asilimia 70. Mmea unaotaka asilimia 60 haupaswi kuteseka hapa. Lakini ndani ya kiyoyozi hewa hupita kwenye koili ya baridi, mvuke wake unageuka maji, na maji hayo ndiyo yanayodondoka nje kupitia kile kibomba cheupe. Yote yametoka kwenye hewa ya chumba chako.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mimea inayopenda unyevu kama kalathea, maranta, fitonia na kangaga haifai kukaa chumba chenye kiyoyozi ikiwa nyumba ina baraza yenye kivuli. Bafu lenye dirisha la mwanga pia linafaa. Ikilazimu ibaki sebuleni, isikae kwenye njia ya upepo wa kiyoyozi wala chini ya panga boi, maana upepo hunyonya maji ya jani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha.

Masasi, Nachingwea na Newala, mbali na pwani, ni habari nyingine. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mchana wa huko ni mkavu kweli, kiyoyozi kiwepo kisiwepo. Huko panga vyungu karibu karibu ili mimea ipeane mvuke, majani yasigusane sana. Fitonia, kwa kuwa ni fupi, ifunike kwa dumu angavu la lita 5 lililokatwa kitako. Fungua kifuniko chake dakika chache kila siku, na lisipigwe na jua, la sivyo mmea utaiva humo ndani.

Kunyunyizia majani maji naona ni kujichosha. Unyevu ule unapotea baada ya dakika chache, na yakiwa maji ya chumvi yanaacha madoa meupe. Sahani ya kokoto yenye maji inasaidia kidogo, ila kitako cha chungu kikae juu ya maji, na uyamwage kila baada ya siku 3, vinginevyo unafuga mbu.

Kosa linaloua mimea mingi zaidi ni kuona ncha zimekauka na kukimbilia kumwagilia. Unyevu wa hewa na unyevu wa udongo ni vitu viwili. Mizizi ikikaa kwenye tope inakosa hewa, inaoza, na mmea uliosimama majini unakufa kwa kiu. Zamisha kidole hadi sentimita 3. Kama bado kuna ubichi, acha.

Tena, ncha za kahawia si lazima ziwe ukavu. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, na majani ya zamani ndiyo yanayoungua ncha, shuku chumvi. Jani jipya linaloshindwa kujikunjua, au linalonasa katikati, hilo ndilo linalolia ukavu wa hewa. Dawa ya chumvi ni kusuuza: chungu cha lita 2 kipitishie lita 6 hadi 8 za maji ya mvua, polepole, yatoke yote chini. Maji ya kibomba cha kiyoyozi nayo hayana chumvi, na usiku wa joto yanafika lita kadhaa. Yakinge kwenye ndoo umwagilie mimea iliyonyang'anywa unyevu huo. Usiyanywe, na siku fundi aliposafisha kwa dawa yamwage.

Makumbi ya nazi ni mazuri kuchanganya na udongo, sehemu 1 ya makumbi kwa 2 za udongo, kwani yanashika maji bila kuziba hewa. Ila yale yaliyofukiwa pwani ili kutoa usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, mwaga, rudia mara 3. Mawe ya matumbawe yasiingie kwenye udongo wa mimea hii, yanatoa chokaa, ilhali mimea yenyewe hupenda udongo wenye uchachu kidogo.

Hewa ikikauka, utitiri mwekundu, vidudu vidogo mno vinavyofyonza majani, nao huongezeka. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge. Vidoa vikianza kutembea, ni wenyewe. Osha sehemu ya chini ya majani kwa maji, kisha jioni nyunyizia mchanganyiko wa kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1. Jaribu jani moja kwanza, subiri siku moja. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu, kwa sababu sabuni haiui mayai.