Paka akiumwa pande zote mbili hachechemei, ndo maana apimwe

Kuna kauli naisikia sana kwa watu wenye paka wakubwa na inanikera kwa kweli: "ah, huyu kazeeka tu." Kazeeka ndo maana harukii tena dirishani, kazeeka ndo maana analala mchana kutwa, kazeeka ndo maana haoshi tena mgongo wake mpaka manyoya yamefanya mafundo. Msimamo wangu ni kwamba kabla hujasema kazeeka, mpime anavyotembea, maana kinachomzuia kuruka mara nyingi sio umri, ni viungo vinauma. Utafiti wa picha za eksirei uliotoka 2002 uliangalia paka 100 waliopita miaka 12 na 90 kati yao wakakutwa na dalili za viungo kuchakaa. Sawa, kiungo kuonekana kibovu kwenye picha sio lazima kiwe kinauma, ila kwa idadi hiyo huwezi kuniambia wote wako freshi.

Shida ni kwamba tumezoea kutafuta mguu mmoja mbovu. Mbwa akiumwa goti moja utamuona tu, anakanyagia lile zima, lile bovu analikwepa, na hata ukimpitisha kwenye mashine ya kupima nguvu ya kukanyaga, tofauti ya kushoto na kulia inatoka wazi. Kwa paka haya maradhi yanapenda kuja pande zote, nyonga zote mbili, viwiko vyote viwili, sasa huyo mnyama achechemee upande gani wakati hana mguu mzima wa kuegemea? Anachofanya ni kupunguza kila kitu kwa pamoja: hatua zinakuwa fupi, goti halikunjwi kama zamani, mguu unachelewa kuinuka, na kama ni nyonga ndo zinauma basi uzito anausogeza mbele. Ukichukua namba za kushoto ukatoa za kulia unapata karibu sifuri, na mtu anaandika pale kwamba mwendo wake uko sawa. Hauko sawa! Kushoto na kulia vimelingana kwa sababu vyote vibovu. Ndo maana mimi nasema paka alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Na mwendo wa paka mzima ni kitu kizuri mno kukiangalia. Anaanza nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, halafu inarudi tena mwanzo. Paka wangu akikanyaga maji huwa nainama kuangalia alama anazoacha sakafuni kabla hazijakauka, unakuta wayo wa nyuma umetua palepale ulipokuwa wa mbele au umepishana nao kidogo tu, kwa hiyo mnyama wa miguu minne anaacha msururu mmoja mwembamba utadhani kapita wa miguu miwili. Mabega nayo yanapanda na kushuka kwa zamu chini ya ngozi, kwa sababu mtulinga wa paka ni mdogo na haujaungana na mifupa mingine, umeshikiliwa na misuli tu, hivyo bega lina uhuru wa kuteleza ubavuni. Akiwa anatembea kawaida miguu ya mbele ndo inabeba uzito mwingi, kama asilimia 60 hivi. Kwa hiyo ukiona wayo wa nyuma umeanza kuishia mbali na alama ya mbele, na spidi ni ileile ya siku zote, hapo rula tu inakuambia hatua imefupika.

Watu wameanza zamani kuhangaika kunasa kwa picha paka anavyojongea. Mpiga picha Eadweard Muybridge kule Marekani alikuwa na paka kwenye mkusanyiko wake wa picha za 1887, na mwanasayansi Étienne-Jules Marey wa Ufaransa mwaka 1894 alipiga zile picha za mfululizo za paka anayeanguka akijigeuza hewani mpaka anatua kwa miguu. Siku hizi maabara wanabandika vialama kwenye nyonga, goti, kifundo, bega, kiwiko, kamera kadhaa zinafuata vile vialama na kompyuta inachora pembe ya kila kiungo kwa kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video. Inapendeza kuangalia, ila ngozi ya paka imelegea jamani, kialama cha goti kinateleza na ngozi wakati mfupa uko kwingine, ukikiamini kama kilivyo pembe ya goti inakudanganya. Mkeka wenye vihisio vya mgandamizo mimi naukubali zaidi, maana paka habandikwi chochote, anapita tu na mkeka unasema kila wayo umekandamiza kwa nguvu gani na umekaa chini muda gani.

Ila hata mkeka una sharti moja, paka akubali kupita. Mbwa unamfunga kamba unatembea naye kwa spidi unayotaka, unarudia mpaka uridhike. Paka unamtoa kwenye kikapu, kajikunja, macho yametanuka, tumbo linakaribia kugusa sakafu, anaambaa ukutani kuelekea chini ya meza, halafu eti hizo ndo data. Mwaka 2008 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wao kuhusu paka wanaonyatia na wakaonyesha kwamba akijikunja vile mwendo wake unabadilika kabisa, anapoteza ile nafuu ya mwili kupanda na kushuka inayookoa nguvu kwenye mwendo wa kawaida, yaani anatumia nguvu nyingi ili tu asionekane. Sasa paka aliyeogopa chumba cha daktari naye anajikunja. Ukimpima hapo umepima woga, viungo hujavipima. Spidi pia inachezea namba, akienda haraka nguvu ya kukanyaga inapanda hata kama hakuna kilichobadilika mwilini, kwa hiyo mapito ya spidi tofauti usiyachanganye.

Mtu ataniambia basi muulize mwenye paka, si anaishi naye. Namheshimu mwenye paka, ila akijua mnyama kapewa dawa anaona nafuu hata kama ni dawa bandia, ile ya majaribio isiyo na dawa yoyote ndani, hilo limeonekana tena na tena kwenye majaribio. Kuna jaribio la 2014 la dawa ya meloksikamu kwa paka wenye maumivu ya viungo, wenye paka walishindwa kutofautisha dawa ya kweli na ya bandia wakati paka wanatumia, ila dawa ilipoachishwa wale waliokuwa wanapewa ya kweli ndo wakaonekana wamerudi nyuma. Hiyo inanihuzunisha kwa sababu ina maana paka alikuwa amepata nafuu na hakuna aliyeiona mpaka ilipoondoka. Macho yetu yanahitaji msaada wa namba.

Na namba za kuanzia mnazo mfukoni. Simu nyingi zinarekodi fremu 120 au 240 kwa sekunde, na hiyo ni muhimu maana hatua nzima ya paka inaisha chini ya sekunde moja, kwa fremu 30 vitu vidogo vinapita katikati huvioni. Weka simu chini kabisa, usawa wa nyonga ya paka, ikimwangalia ubavuni, bandika utepe sakafuni wenye alama za sentimita, halafu muache, akienda kula mwenyewe atapita. Usimuite wala usimsukume. Baadaye hesabu fremu mguu ukiwa chini na fremu ukiwa hewani, pima hatua kwa ule utepe, na mrekodi pia akiruka kupanda na akishuka, maana kwenye kushuka ndo utamuona anasita, ananyoosha miguu ya mbele chini kutoka kwenye kiti mpaka inakaribia sakafu ndo anajiachia. Kuna programu kama DeepLabCut, imetoka 2018 na ni ya bure, inajifunza kufuata viungo kwenye video bila kubandika kialama chochote, anayejua kompyuta aijaribu.

Fanya hivyo paka akiwa bado kijana na mzima, hifadhi, rudia kila baada ya miezi kadhaa mahali palepale. Siku ukiona hatua zimefupika mpelekee daktari wa wanyama video zote mbili, ya zamani na ya sasa, kwa sababu pale kwake paka hatatembea hivyo. Na wakati unasubiri kumuona daktari usimpe dawa zako za maumivu, hasa paracetamol, ini la paka haliwezi kuivunja na hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.