Moto ukipanda Menengai, nataka kusikia redio

Mtu wa Nakuru haulizi leleshwa, kichaka cha huku kwetu, inanukaje ikiungua. Majani yake yana mafuta, na yakipata moto wakati wa kiangazi hayafuki kwanza, yanaripuka. Jioni moja ya mwezi wa pili moto ulishika mteremko wa Menengai, mlima wa volkeno ulio juu ya mji wetu, tukiwa bado tunapika. Vijana wa mtaa wakakata matawi mabichi, wakachukua mapanga na majembe, nami nikawafuata na mtungi wa maji mgongoni.

Huko juu nilijikuta nimesimama hatua tatu kutoka kwa askari wa msitu aliyekuwa na redio koli kifuani. Redio ikakoroma, kisha sauti ya mtu anayehema: "Upepo umegeuka. Unashuka upande wa nyumba. Walio bondeni watoke sasa, ova." Nikatazama simu yangu. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ujumbe ulikuwa umejaa. Mmoja alisema moto umeshazimwa. Mwingine alisema umefika shuleni. Kulikuwa na picha ya moto ambao haukuwa wa Menengai kabisa, miti yake tu ilitosha kukuambia. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, lakini usiku ule yaliyokuwa yakisemwa hayakuwepo, na lililokuwepo lilikuwa linasemwa kwenye redio moja tu, iliyosikika na watu wanne.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: moto wa msitu ukiwa karibu na makazi, maneno ya redio ya wanaouzima ni haki ya watu wanaolala chini ya moto huo. Yawafikie, na yawafikie ndani ya dakika chache.

Sisemi kila mtu akanunue redio. Hilo ni hatari kuliko kukaa gizani, na sababu yake iko kwenye namna redio hizi zinavyofanya kazi. Kwenye chaneli moja anazungumza mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kitufe kwa udadisi tu, unaweza kumziba yule anayeomba msaada akiwa amezungukwa na moshi. Tena redio ya mkononi huwa na nguvu ya wati 5 hivi, na mawimbi yake hayapendi kupita ndani ya kilima. Shimo la volkeno la Menengai lina kina cha karibu mita 500. Aliye chini humo asiposaidiwa na repita, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena, iliyowekwa juu, sauti yake inagonga ukuta wa mawe na kuishia hapo. Hata aliyezoea husema kwa mpango: anabonyeza, anangoja kidogo ili neno la kwanza lisikatwe, anasema kwa ufupi, anaachia. Halafu kuna sheria. Hapa Kenya chombo cha redio cha namna hii kinahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na naiona sheria hiyo ni ya busara.

Ninachotaka ni sikio lililofunzwa, likae katikati ya redio na mwananchi.

Jambo hili limeshafanyika kwingine. California, mwaka 2021, ilianzishwa programu ya simu iitwayo Watch Duty. Nguvu yake ni watu, wengi wao wa kujitolea, wakiwemo waliowahi kuwa wazimamoto, wanaosikiliza redio za zimamoto, wanalinganisha wanachosikia na vyanzo vingine, kisha wanaandika kwa lugha nyepesi moto uko wapi na unaelekea wapi. Januari 2025 Los Angeles ilipowaka, watu wengi mno waliipakua. Na mji wa Altadena, kando ya Los Angeles, ukatuonyesha kwa nini wanaihitaji. Moto ulianza jioni ya tarehe 7. Agizo la kuwahamisha watu wa upande wa magharibi lilitoka baada ya saa tisa usiku, na zaidi ya watu 15 wakafia upande huo. Hiyo ni nchi yenye ndege za kuzima moto na ving'ora. Sisi tuna matawi mabichi.

Najua jibu la wakubwa: wananchi wakisikia, watapata taharuki. Nimekaa na wananchi hao. Kinachowatia taharuki ni kuona anga jekundu bila mtu wa kuwaambia lolote. Hoja ninayoiheshimu ni nyingine. Redio hubeba maneno mabichi. "Nyumba tatu zimeshika?" huwa ni swali, lakini likisikika nusu linageuka kuwa nyumba tatu zimeteketea. Jina la kijana aliyeungua halifai kumfikia mama yake kupitia kundi la mtaa. Ndiyo maana nasema sikio lililofunzwa, linalojua swali ni lipi, amri ni ipi, na lipi la kunyamaziwa.

Watu wa kuanza nao tunao. Wapo Wakenya wenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu bila biashara, wale ambao alama zao za kujitambulisha hewani huanza na 5Z, na kusikiliza kwa makini ndiyo raha yao. Vipo vyama vya jamii vya misitu, ambavyo wanachama wake wanajua kila njia ya mbuzi. Kaunti iketi nao pamoja na Huduma ya Misitu kabla ya kiangazi, wakubaliane ni nani atakayekaa kando ya redio moto ukitokea, na habari itatoka kwake kwenda wapi: stesheni za Kikuyu na Kikalenjin, spika za misikiti na makanisa, wenyeviti wa boda boda. Kwa lugha nyepesi, na saa itajwe, kwa sababu habari ya moto ya nusu saa iliyopita ni habari ya moto mwingine.

Usiku ule sikuwa na leseni wala mafunzo. Nilimpigia simu shosho mmoja anayeishi peke yake pale bondeni, nikamwambia afungue zizi na apande barabarani. Akaniuliza, "Mwanangu, umeambiwa na nani? Hapa wanasema umezimwa." Nikamwambia nimesikia kwenye redio ya askari, sasa hivi, upepo umegeuka. Akanyamaza kidogo. Kisha nikasikia komeo la zizi likivutwa, na ng'ombe wakianza kutoka.