Mgeni njoo, fundi amalize

Jana asubuhi nimefungua barua pepe nikakutana na salamu za ile hoteli. Maneno matamu utadhani yametoka kwa mchumba: wanatukumbuka, bahari inatukumbuka, na tukipata dakika 2 tuwape nyota. Chini wamepanga nyota 5, zote zimeshapakwa dhahabu. Kazi yangu imebaki kubonyeza. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mzigo huu nimeutua. Haya, nimeubeba tena.

Wasomaji wa siku zote mnaijua safari yenyewe. Miaka 10 ya ndoa, miaka 2 ya kudunduliza, siku 5 kwenye hoteli ya kifahari iliyofunguliwa majuzi katika kisiwa cha joto na minazi. Jina lake silitaji, maana ninayotaka kusema hayaihusu hiyo peke yake. Tangu nirudi nimeongea na watu kadhaa waliowahi kukimbilia hoteli mpya, na hadithi ni ileile: walilala saiti. Saiti yenye mashuka mazuri, lakini saiti.

Kosa la kwanza ni langu, nalikubali kabla hamjanisema. Niliupenda upya. Godoro ambalo hajalilalia mtu, bafu ambalo halijui unywele wa mgeni wa jana. Na zile picha! Bwawa limenyooka mpaka linaungana na bahari, minazi imeinama kivivu, mwanamke wa kofia pana ameshika glasi anaangalia machweo. Mume wangu alizitupia jicho mara moja tu akauliza mbona yule mwanamke hana kivuli. Nikamwambia aache ubahili. Tuliporudi nyumbani ndipo nilipozikagua upya, na pale pembeni, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, nikasoma: picha ni za mfano. Yaani zilitengenezwa kwenye kompyuta wakati jengo lenyewe bado ni zege na nondo. Bahari ya kwenye kompyuta haina mwani na wala haipwi. Ya kwetu ilikuwa inapwa kila siku, tena inakwenda mbali, kama bahari zote zenye adabu.

Minazi ilikuwepo, nisiwasingizie. Ilikuwa imehamishwa ikiwa tayari mikubwa, makuti mengi yamepunguzwa na yaliyobaki yamefungwa juu kwa kamba kama nywele za mtoto anayepelekwa shule, na kila mmoja umeegemezwa magongo 3 ili usianguke. Wanaojua miti watakwambia ndivyo inavyotakiwa, mti usipoteze maji wakati mizizi inashika. Sawa, ni utaalamu. Ila mume wangu alibeba kitabu kizima kwa ajili ya kukisomea chini ya mnazi, na kivuli cha mnazi uliofungwa nywele kinamtosha mtu mmoja, mwembamba, akiwa amesimama.

Asubuhi ya kwanza, saa 1 kamili, grenda ikaanza.

Nilidhani ni jirani anasaga kahawa. Kisha ikaja nyundo, kisha mashine ya kukatia vigae, kisha fundi mmoja mwenye sauti nzuri sana akaanza kuimba juu ya yote hayo. Nikafungua pazia la mlango wa roshani, ule wa chumba "kinachotazama bahari", nikatazamana na turubai la kijani lililofunika jengo la jirani kuanzia juu hadi chini. Bahari ilikuwa nyuma yake, nadhani. Bwawa lilikuwa limejaa, maji ya samawati safi, na kamba imezungushiwa kote kwa sababu vigae vya pembeni vilikuwa vinasubiri kukauka. Vilisubiri siku zote 5. Mbichi kuliko vigae sijapata kuona.

Nilikwenda kwa meneja. Mtu mpole, shati limenyooka, tabasamu la mafunzo. Akanieleza kwamba hoteli iko katika kipindi cha "ufunguzi laini". Laini! Nikamwomba anyamaze kidogo tusikilize wote wawili ulaini wenyewe. Grenda ikatuimbia. Nikamuuliza kama bei nayo ilikuwa laini. Akacheka, akidhani namtania.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa leo, mengine ni mapambo.

Hoteli kufunguliwa polepole ni jambo la busara kabisa. Wenye kazi hiyo wanajua kwamba jengo jipya lina siri zake. Kabla ya wageni kufika, wafanyakazi wenyewe hulala vyumbani, huagiza chakula usiku wa manane, hufungua mabomba yote kwa wakati mmoja waone maji yatafika ghorofa ya juu yakiwa na nguvu au yakiwa machozi. Kila kasoro inaandikwa, mkandarasi anapewa orodha, anarudi kurekebisha. Katika nchi za joto na unyevu kazi ni kubwa zaidi: plasta haikauki haraka, na kiyoyozi kilichofungwa vibaya hulowesha ukuta kabla mgeni hajafungua begi. Hiyo ni kazi, tena ya watu waliosomea. Na kazi hulipwa. Sisi tuliifanya siku 5, tukagundua kwamba kadi ya mlango wetu inafungua na chumba cha jirani, kwamba maji ya moto huchukua dakika 10 kufika, kwamba kiyoyozi kikizimika saa 4 usiku hakuna anayejua swichi yake kuu iko wapi. Taarifa zote hizo tuliwapelekea mapokezi. Halafu tukalipa sisi.

Mikahawa ya London ina desturi nzuri sana kwenye hili. Mkahawa mpya ukiwa bado unajifunza, unatangaza waziwazi siku za majaribio, na mara nyingi chakula huwa nusu bei. Mteja anajua supu inaweza kuchelewa, anacheka, anarudi nyumbani na pesa yake mfukoni. Hata kumbi za tamthilia huuza tiketi za maonyesho ya awali kwa bei ya chini. Club Med, kampuni ya vijiji vya likizo, walipofungua kijiji chao cha kwanza kule Mallorca, kisiwa cha Uhispania, mwaka 1950, wageni walilala kwenye mahema. Watu walijua wanakwenda kulala kwenye hema, wakaenda, na biashara ikakua. Hata vile vyumba vya juu ya maji ambavyo leo kila hoteli ya kifahari inavitamani vilianza kwa sababu ya upungufu: mwaka 1967, kisiwani Raiatea huko Polinesia ya Kifaransa, Wamarekani watatu walikuwa na hoteli isiyo na ufukwe wa maana, basi wakajenga vibanda juu ya maji yenyewe. Hawakuchora mchanga kwenye picha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikujua kwamba ugonjwa wa mwenyeji siku hizi ni mkopo wa benki. Maana jengo la hoteli kubwa mara nyingi ni la mtu mmoja, na jina lililo getini ni la kampuni nyingine iliyopewa mkataba wa kuliendesha. Mwenye jengo ana riba inayohesabika kila siku. Mwendeshaji ameshawauzia mawakala vyumba vya msimu mkubwa, miezi mingi kabla rangi haijakauka. Mkandarasi amechelewa, kwa sababu wakandarasi huchelewa. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayetaka kumeza hasara ya kusogeza tarehe. Basi inatafutwa shingo ya nne ya kuubeba mzigo, na shingo hiyo ndiyo imevaa taji la maua mapokezini ikinyweshwa juisi ya makaribisho.

Sasa msiniambie kwamba kero haiwezi kupimwa kwa pesa. Inaweza, na Wajerumani waliipima zamani. Mwaka 1985 majaji wa mahakama ya mkoa ya Frankfurt, waliochoshwa nadhani na kesi za watalii wenye hasira, walitengeneza jedwali la kero za safari na asilimia za kupunguza bei. Kelele za mchana: asilimia 5 hadi 25. Kelele za usiku: 10 hadi 40. Bwawa lililoahidiwa halipo: 10 hadi 20. Kiyoyozi hakifanyi kazi: 10 hadi 20, kutegemea msimu. Uliahidiwa kutazama bahari na huioni: 5 hadi 10. Halikuwa sheria, mahakama nyingine hazikulazimika kulifuata, na lilihusu safari zilizouzwa kama kifurushi. Lakini soma lile jedwali ukiwa umetoka kulala saiti, utatokwa na machozi. Kuna mtu, tena jaji, alikaa kitini akakubali kwamba grenda ya saa 1 asubuhi ina bei.

Nilichukua kalamu. Kelele za mchana nimeweka 15, ingawa fundi wa kuimba angestahili nimrudishie kidogo, alikuwa anaimba vizuri. Bwawa 15. Bahari nyuma ya turubai 7. Kiyoyozi kilituangusha usiku 2 kati ya 5, kwa hiyo nimekadiria 15 halafu nikachukua sehemu yake, 6. Jumla asilimia 43. Na hapo harufu ya gundi ya zulia sikuihesabu.

Najua mtakaloniandikia: si ungeuliza kabla? Niliuliza. Niliandika nikauliza kama ujenzi umekwisha, nikajibiwa kwamba "tuko tayari kukupokea kwa mikono miwili". Ni kweli, mikono ilikuwepo. Kuanzia sasa ninaomba video iliyopigwa wiki hiyohiyo, natafuta picha za wageni wenyewe, na silipi chumba ambacho oda yake haifutiki pesa ikarudi, hata kama cha kufutika kina nyongeza. Hoteli yenye maoni 11 na alama za juu mno haina maoni, ina binamu 11. Lakini kwa nini iwe kazi yangu kufanya upelelezi? Mwenye hoteli anajua kwamba bwawa halitafunguka. Anajua wiki kabla. Anaweza kuniandikia barua pepe moja, maana kuandika anajua, ushahidi ninao wa nyota za dhahabu. Aniambie hali ilivyo, anipe bei ya hali ilivyo, au anirudishie changu niondoke kwa amani. Nafsi yangu inasema huenda bado ningekwenda. Kwa pungufu ya 43 ningebeba vizibo vya masikio na kumsalimia fundi kila asubuhi.

Kuna la haki ninalopaswa kusema, na linanitoka kwa shida. Godoro lilikuwa bora kuliko lolote nililowahi kulalia. Na wafanyakazi, jamani, wale vijana. Kijana wa kifungua kinywa aliniuliza namba ya chumba mara 3 kwenye meza moja, akachanganya oda yetu na ya meza ya jirani, akarudi mikono inatetemeka: samahani sana, mama, ni wiki yangu ya kwanza. Akaniomba msamaha na kwa ajili ya grenda. Akaomba msamaha kwa ajili ya turubai. Bwana mmoja meza ya pili alimfokea kuhusu bwawa mpaka sahani zikanyamaza, na yule mtoto alisimama akapokea yote, hakuna hata kigae kimoja alichokipanga yeye. Waliopanga ile tarehe hawakuwepo pale. Wako ofisini mahali pengine, hawajui hata sauti ya ile mashine. Hicho ndicho kilichonikasirisha kuliko bahari yangu iliyofunikwa. Ndiyo sababu sikuandika maoni mabaya kule kwenye tovuti, maana najua yatabandikwa ukuta gani, na nani ataitwa kuyasomewa.

Mengine kwa haraka. Ada ya hoteli inayojitokeza kwenye hatua ya mwisho ya malipo, ukiwa umeshaandika jina la mwenzio na siku zenu za kuzaliwa: Marekani tangu Mei 2025 kanuni inawalazimu kuonyesha jumla yote mapema, na wengine waige. Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya nyumbani kwako, kataa. Anayeweka taulo kwenye kiti cha bwawani alfajiri kisha akarudi kulala, hata pale ambapo bwawa limefungwa kwa kamba (na alikuwepo, namba yake ya chumba ninayo), huyo sina la kumwambia.

Ile barua pepe nimeijibu. Sikubonyeza nyota. Nimeweka hesabu yangu mstari kwa mstari, kelele, bwawa, bahari, kiyoyozi, asilimia 43 imepigiwa mstari chini, na nikamtaja kijana wa kifungua kinywa kwa wema ili wampandishe cheo.

Wamejibu ndani ya saa moja, nawasifu kwa hilo. Wanasikitika sana. Kama ishara ya upendo wametuzawadia watu wawili masaji ya dakika 30, ndani ya miezi 6, papo hapo hotelini, kwenye spa yao itakayofunguliwa hivi karibuni.