Inchi 65 na Kreti Mbili za Soda

Kabla ya kushuka Luthuli Avenue, Nairobi, kununua TV mpya nilikuwa nimepima kila kitu nyumbani Umoja: ukuta, mlango, kona ya ngazi hadi orofa ya tatu, hata mlango wa choo, sijui wa nini. Nilijua inchi 65 ni za mshazari, kona hadi kona, si za upana. Upana wa kioo ni kama sentimita 144, kimo 81. Nilijua pia TV kubwa husafirishwa ikiwa imesimama, kwa sababu ukiilaza kioo hunesa kwa kila tuta, na matuta ya mtaani kwetu hayahesabiki. Mama Shiru aliniuliza swali moja tu.

"Baba Shiru, itakaa wapi?"

"Mezani. Kwani itakaa wapi?"

Dukani palikuwa na ukuta mzima wa runinga, zote zikionyesha filamu moja: kasa anaogelea, ua linafunguka, tone la maji linaanguka polepole mpaka unatamani kulikinga na kikombe. Filamu ile hutoka kwenye flashi na imepigwa kwa 4K yenyewe, yaani picha ya nukta nyingi ndogo ndogo. Mwangaza nao huwa umepandishwa mpaka mwisho, ndiyo maana nyasi za dukani hung'aa kuliko nyasi zozote alizoumba Mungu. Hayo niliyajua. Nilikataa hata katoni mbili zilizoandikwa "4K" kwa herufi kubwa na "support" kwa herufi za sisimizi. Maana yake TV hupokea mawimbi ya 4K, lakini kioo chake chenyewe kina nukta chache zaidi. Mimi nilitaka 4K halisi, nukta 3840 kwa 2160, nikaipata, nikalipa 78,000, nikapanda pikapu nikijiona profesa.

Jumapili hiyo Arsenal walikuwa wanacheza saa kumi jioni. Nilialika watu sita, akiwemo mzee wa ghorofa ya chini na keateka, msimamizi wa ploti. Saa tisa tukailaza TV kifudifudi kitandani juu ya blanketi, tukafunga miguu kwa skrubu nne, tukaibeba wawili hadi sebuleni na kuishusha mezani.

Haikushuka.

TV yangu ya zamani, ya inchi 32, miguu yake ilikaribiana. Hii mpya mguu mmoja uko huku na mwingine kule, sentimita 118 kati yake. Meza yangu ni mita moja kamili. Tulisimama tumeibeba kama watu wa jeneza waliofika kabla kaburi halijachimbwa.

"Tundika ukutani," akasema jirani.

Bracket niliyokuwa nayo, kile chuma cha kutundikia, ilikuwa ile ya TV ndogo, matundu yake yameachana milimita 200 kwa 200. Mgongo wa hii unataka milimita 400 kwa 300. Hata ingeingia, keateka alikuwa tayari sebuleni, mkono mmoja kwenye karanga zangu, akisema bila kuinua macho, "Tobo moja la drili, depo ya nyumba imeenda." Shiru akatumwa dukani chini kuazima kreti mbili za soda. Mguu huu kreti hii, mguu ule kreti ile, na TV ya elfu sabini na nane ikakaa usawa wa magoti ya wageni.

Nikachomeka dekoda yangu ya miaka mingi. Ina njia moja tu ya kutoa picha: zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na manjano. Mpira ukaanza.

"Huyo nani ana mpira?" mzee akauliza.

Hakuna aliyejua. Jezi zilionekana, watu hawakuonekana. Namba mgongoni zilikuwa vidoa, mpira wenyewe kipande cha pamba. Hapa ndipo hesabu niliyoiruka ilipokuja kunidai. Dekoda ya aina hiyo hutoa picha ya nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Kioo changu kina nukta 8,294,400. Gawanya: mara 20 kamili. Kila nukta moja ya kweli, TV inalazimika kubuni kumi na tisa nyingine za kuizunguka, na ubunifu wa mashine mbele ya mashabiki wa Arsenal hauna shukrani. Kwenye inchi 65 nukta moja ya dekoda ina upana wa milimita 2. Ili jicho la kawaida lisiione, ungekaa karibu mita 7 kutoka kwenye kioo. Kochi langu liko mita 2. Mita 7 ni jikoni kwa Mama Otis.

Nikajaribu kurekebisha. Nikaongeza ukali wa picha, wachezaji wakaota ukingo mweupe kama malaika. Nikapunguza mwangaza, na jua la saa kumi likapenya mlango wa balkoni likatua katikati ya kioo; dukani hakuna dirisha, nani angefikiria? Sasa tukawa tunatazama nguo za Mama Shiru zikipepea kambani, na nyuma yake Arsenal kwa mbali.

"Baba," Shiru akaninong'oneza, "ile ndogo ilikuwa inaonyesha vizuri."

Kweli ilikuwa inaonyesha vizuri. Picha ile ile ikibanwa kwenye inchi 32, nukta hupungua hadi milimita 1, na kwa umbali wa kochi jicho husamehe. Mapumziko yalipofika tukaitoa chini ya kitanda, tukaipangusa vumbi, tukaivuta meza mbele ya kreti na kuiweka pale. Kipindi cha pili watu sita wakakitazama kwenye inchi 32, na nyuma yake inchi 65 imezimwa, nyeusi, pana, inang'aa.

Filimbi ya mwisho ilipolia mzee akainuka. Akazunguka meza, akainama kidogo kando ya ile kubwa, akaweka kofia yake sawa, akageuza shavu hili, akageuza lile.

"Kioo kizuri hiki, Baba Shiru," akasema. "Umekinunua ngapi?"