Jina Likinunuliwa, Deni Humbakia Nani?

Katika vijiwe vya kahawa vya Mombasa, ambako wapenda pikipiki kubwa hukutana asubuhi ya Jumapili kabla ya kuvuka Likoni kuelekea Diani, habari za kiwanda kidogo cha pikipiki kufilisika hupokewa kwa namna mbili zisizopatana. Wapo wanaoipokea kama tanzia, wakikumbushana mlio wa injini na rangi ya tangi, na kumwombea heri yeyote atakayejitokeza kukinunua kiwanda. Wapo pia wanaoguna tu na kusema kwamba aliyetoa fedha nyingi kwa pikipiki isiyo na wakala hata mmoja Afrika Mashariki alikuwa akinunua ndoto, na ndoto haina risiti. Nimekaa na makundi yote mawili, na naona kila moja lasema kweli, ila si juu ya mtu yuleyule: la kwanza lamzungumzia mpenzi wa jina, la pili lamzungumzia mteja aliyelipa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Norton. Kampuni hii ilianzishwa na James Lansdowne Norton mjini Birmingham mwaka 1898, na pikipiki yenye jina lake ilikuwa miongoni mwa washindi wa mashindano ya kwanza ya mbio za pikipiki za kisiwani, Isle of Man TT, mwaka 1907. Tangu hapo jina hilo limeanguka na kuinuliwa mara kadhaa. Mwaka 2008 lilichukuliwa na mfanyabiashara Mwingereza, Stuart Garner, aliyehamishia kazi Donington na kuanza kuunda pikipiki chache kwa mkono na kwa bei ya juu: V4 SS iliuzwa pauni 44,000, na V4 RR pauni 28,000. Wateja walitanguliza fedha, wengine sehemu na wengine bei yote, wakangoja. Tarehe 29 Januari 2020 wasimamizi wa ufilisi wakakabidhiwa kampuni. Fedha za pensheni za watu zaidi ya 200 zilikuwa zimewekezwa humo kinyume cha sheria, na mwaka 2022 Garner alikiri makosa hayo mahakamani, akapewa kifungo cha miezi minane kilichosimamishwa, yaani hakupelekwa gerezani.

Aprili 2020 TVS Motor ya India ikainunua Norton kwa pauni milioni 16. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa TVS ni nani, kwa kuwa herufi hizo tatu huziona kila siku kwenye matangi ya bodaboda zilizojipanga Mwembe Tayari na Kongowea. Wala si TVS peke yake, kwani Bajaj, wanaotuletea Boxer, ndio waliotoa fedha za kuinusuru KTM ya Austria baada ya kushindwa kulipa madeni yake Novemba 2024, ingawa KTM huwezi kuiita kiwanda kidogo. Nakiri kwamba hili hunifurahisha kidogo. Pikipiki ambazo wenye pikipiki za kifahari huzipigia honi zipishe barabarani ndizo zilizojenga kampuni zenye uwezo wa kuyaokoa majina wanayoyaenzi.

Mashabiki wa Norton walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu jina lilikuwa limepata mwenyewe mwenye mtaji na nia ya kujenga kiwanda kipya. Lakini TVS ilinunua mali, yaani jina, michoro na mitambo. Haikununua madeni. Kwa mteja aliyelipa na hajapewa pikipiki, mdaiwa wake alibaki ile kampuni ya zamani iliyokwisha kuwa kaburi, na lolote ambalo mmiliki mpya angemfanyia lingetoka kwenye hiari yake. Hata waliokwisha kupokea V4 zao hawakusalimika, kwani baadaye kampuni mpya ilitangaza kwamba imegundua kasoro 35 katika pikipiki hizo za enzi iliyopita, nyingine za kuhatarisha maisha ya mwendeshaji. Jina likawa lilelile, ahadi ikawa haina mwenyewe.

Hapo ndipo hoja ya wenye kuguna inapopata nguvu, ingawa wao wenyewe huisema vibaya. Husema kosa ni la mnunuzi aliyeshikwa na mapenzi. Mimi naona kosa liko kwenye utaratibu wa malipo. Katika biashara za mji huu arbuni ni jambo la zamani na la heshima: unatanguliza kidogo ili fundi wa milango au mshona kanzu anunue vifaa, naye anajulikana anakaa wapi na baba yake ni nani. Kiwanda kinachochukua bei yote ya pikipiki ambayo haijaundwa kimeiazima heshima ya arbuni bila kubeba dhamana yake. Uingereza ina kinga moja nzuri: anayenunua kwa kadi ya mkopo bidhaa ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000 anaweza kumdai aliyetoa kadi endapo muuzaji atashindwa kutimiza. Ukiiangalia tena bei ya V4 SS utaona kwamba aliyetoa fedha nyingi kuliko wote ndiye aliyekuwa nje ya kinga hiyo.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema tununue kwa kampuni kubwa tu. Triumph, kiwanda kingine cha pikipiki cha Uingereza, ilipoanguka mwaka 1983, jina lilinunuliwa na John Bloor, mjenzi wa majumba, ambaye hakuwa na sifa yoyote katika ulimwengu wa pikipiki. Alikaa kimya miaka kadhaa akijenga kiwanda Hinckley, na pikipiki zake mpya zikafika sokoni mwaka 1991. Leo Triumph inauza duniani kote, na zile zake ndogo zenye injini ya sentimita 400 za ujazo huundwa na Bajaj nchini India. Bila watu waliokuwa bado wanalipenda jina hilo, Bloor asingekuwa na cha kununua. Jambo jingine ambalo wenye kuguna hulisahau ni kwamba Norton Commando, iliyoundwa kati ya 1967 na 1977, mpaka sasa hupatiwa spea mpya, kwa sababu wamiliki wake walijiunga katika chama na kukawa na biashara ya kuzitengeneza upya. Kwa spea, ni afadhali kuwa na Norton ya mwaka 1973 kuliko ya mwaka 2018. Mapenzi wanayoyacheka ndiyo yaliyoziweka zile za zamani barabarani.

Tofauti kati ya pikipiki za zamani na hizi za sasa niliiona kwa macho yangu Mwembe Tayari. Fundi mmoja alikuwa amekalia kreti ya soda, amepakata kifuniko cha klachi cha Boxer, juu yake amelaza karatasi ngumu ya gasiketi, anaigongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo hadi chuma chenyewe kikaikata kwa umbo lake. Kazi ilimalizika kabla kikombe changu cha kahawa hakijapoa. Kando yake ilisimama pikipiki ya rafiki yangu wa Kizingo, iliyotoka kwenye kiwanda kidogo cha Ulaya ambacho sitakitaja na ambacho hakipo tena. Kioo cha dashibodi yake kilionyesha alama ya hitilafu na injini ilikataa kupanda mwendo. Tatizo lilikuwa sensa ya gurudumu la nyuma, yaani kifaa cha umeme cha kupimia mwendo wa gurudumu, kitu kisichozidi kokwa ya tende. Fundi alikigeuza mara mbili kwenye kiganja, akakirudisha, akasema hiki hakigongwi kwa nyundo. Pikipiki hiyo sasa imo chini ya turubai, na kila Jumamosi mwenyewe huichaji betri isife.

Kwa pikipiki za umeme jambo hili ni zito zaidi. Energica ya Modena, ambayo kuanzia 2019 hadi 2022 ndiyo iliyounda pikipiki zote za mashindano ya umeme ya MotoE, ilitangaza kufilisiwa Oktoba 2024, na mwezi Desemba mmiliki wake mkuu, Ideanomics ya Marekani, naye akaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Cake ya Sweden ilikuwa imekwisha kufilisika Februari mwaka huo. Mwenye pikipiki ya namna hii humtegemea muundaji kwa betri, kwa programu na kwa kompyuta ya kuchunguzia hitilafu, na hakuna fundi wa kreti atakayeviziba vyote vitatu.

Nalitaja hili kwa sababu tangu rais alipozindua hapa Mombasa mpango wa pikipiki za umeme Septemba 2023, vijana wengi wamechukua bodaboda ambazo betri si mali yao. Mwendeshaji hununua pikipiki, na betri huibadilisha kwenye kituo kwa kulipia kila mara. Mpango huu una faida ya kweli: bei ya kuanzia hushuka, betri ikichoka si hasara yake, na bei ya petroli ikipanda yeye hashtuki. Sisemi kwamba kampuni yoyote iko hatarini. Nasema kwamba pikipiki ya umeme isiyo na kituo cha betri ni sawa na jahazi lisilo na tanga, na kwamba maswali wanayoulizana matajiri kuhusu Norton na Energica yamhusu zaidi kijana wa Likoni, ambaye hana pikipiki ya pili nyumbani na anayelipa mkopo kila siku. Kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, kampuni ikianguka Kenya hulipwa kwanza gharama za ufilisi, kisha wafanyakazi, kisha kodi. Mteja aliyetanguliza fedha husimama nyuma pamoja na wadai wengine wasio na dhamana. Mkataba unaweza kusema betri zitabaki kwa nani kampuni ikisimama, na wadhibiti wanaweza kudai kwamba betri za kampuni moja ziingie kwenye pikipiki za nyingine. Katika mikataba miwili niliyoonyeshwa na waendeshaji, hilo la kwanza halikuwamo.

Rafiki yangu wa Kizingo hajakoma. Ameandikiana na kiwanda kingine kidogo, nao wamemtaka arbuni. Amewajibu kwamba atalipa pikipiki ikishafika bandarini Kilindini, na kabla ya bei ameomba namba ya sensa ya gurudumu la nyuma, ili aangalie ni pikipiki gani nyingine inayotumia hiyohiyo. Hawajamjibu bado.