Maharage Peponi

Jana jioni nimekikuta kitabu changu kwa jirani kimefunika sufuria ya maharage. Si pembeni ya sufuria, wala si chini yake kuzuia moto usiunguze meza. Juu. Mvuke unapanda, jalada linanyanyuka na kushuka kama mgonjwa anayehema, na juu yake wameweka kinu cha kutwangia kitunguu saumu ili lisiteleze. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikaulizwa za nyumbani, nikajibu njema, macho yote yako jikoni.

"Jirani, kile kitabu umeshamaliza?"

"Bado kidogo, jirani."

Bado kidogo, tangu mwezi wa sita! Maharage ndiyo yameshafika sura ya tano.

Sikusema neno. Mimi mwaka huu ni mtu wa fasihi, na mtu wa fasihi hagombani kwa ajili ya maharage. Nikaondoka na heshima zangu zote, nikafika kwangu nikaipiga teke ndoo. Ndoo yenyewe tupu, siku ya nne hii bomba linakohoa tu.

Na haya yote niliyatafuta mwenyewe. Januari wenzangu waliahidi kupunguza vitambi, mimi nikasimama mbele ya mke na shemeji nikatangaza kwamba mwaka huu nasoma riwaya 12, tena za siku hizi, si zile tulizokariri wahusika na maudhui kwa ajili ya mtihani. Chanzo ni aibu. Mwandishi Abdulrazak Gurnah aliposhinda Nobel ya fasihi mwaka 2021, kijiweni kwetu tulishangilia kama tumefunga dakika ya tisini. Mzaliwa wa Zanzibar! Wa kwetu! Tukabishana mpaka saa nne usiku kama ni wa kwetu sana au wa kwetu kiasi, maana aliondoka angali kijana akahamia Uingereza. Ndipo muuza kahawa, mtu asiyeingiliaga mambo ya watu, akauliza: katika nyie, nani amemsoma? Pakawa kimya, vinasikika vikombe tu. Mimi nikalalamika kwamba kahawa imepoa. Kimya kile kimenikaa kooni miaka yote hii.

Sasa mjini hapa ukisema "buku" kila mtu anajua ni elfu moja. Basi kununua buku la kusoma unahitaji mabuku kadhaa ya kutumia, na nyumbani ukiulizwa unga uko wapi huwezi kujibu kwamba uko sura ya pili. Nikanunua hivyohivyo. Nikaanza na *Peponi*, ambayo ni *Paradise* ya Gurnah ya mwaka 1994, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28 mpaka itufikie kwa Kiswahili. Hata kesi ya kiwanja huisha mapema zaidi.

Kosa langu ni kukifungulia ndani ya daladala ya Mbagala–Kariakoo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Rangi Tatu, nimepata siti ya dirishani. Niliipata vipi tusiulizane, niliingilia hapohapo dirishani. Pembeni yangu kakaa mama mmoja na ndoo tupu mapajani, anawahi Feri kuchukua samaki. Tumefika Zakhem, foleni haisogei, nikafungua. Kurasa mbili tatu, nikahisi pumzi begani. Nikafunua ukurasa.

"Subiri baba, sijamaliza."

Nikaurudisha. Mtu wa fasihi.

"Haya funua. Huyu mtoto anapelekwa wapi?"

"Pwani, mama. Baba yake anadaiwa na tajiri, kashindwa kulipa, kamtoa mtoto."

"Kamtoa vipi?"

"Kamweka rehani. Ana miaka 12."

"Yarabi! Hiyo si kausha damu hiyo!"

Kulitaja neno kausha damu, hiyo mikopo ya riba ya kunyonya, ndani ya gari la Mbagala ni kama kuwasha kiberiti kwenye ghala la pamba. Dada aliyesimama akashtuka: "Wako wapi? Wameingia mtaa gani?" Jamaa mmoja mwenye kofia ngumu ya ujenzi akainama: "Mimi walichukua friji, mtoto hawakumtaka."

"Bora friji."

"Bora? Ilikuwa na nyama ndani!"

Mzee wa siti ya nyuma, kofia ya mkono, akataka taarifa kamili kabla ya kutoa hukumu. Huyo baba alikuwa akifanya biashara gani? Nikasema hoteli, mji mdogo kwenye njia ya reli, enzi za Mjerumani. Mzee akatikisa kichwa. "Hoteli njia ya reli ikafa? Huyo alikuwa anakopesha wateja." Gari zima likakubali kwamba alikuwa anakopesha wateja. Nikajikuta namtetea mtu ambaye hayupo, natoa jasho, nasema hapana, jamani, nyakati zilikuwa ngumu. Wapi! Wakasema soma kwa sauti, wa nyuma hatusikii, isije ikawa unatuficha kitu.

Nikasoma kwa sauti. Nilisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, naweka na vituo. Konda akaning'inia mlangoni: "Anko, punguza sauti basi, siwasikii wanaoshuka." Nikataka kumwambia mimi si anko wake, nikakumbuka hilo ndilo somo analopewa mtoto mle kitabuni, kwamba huyo tajiri anayemwita mjomba si mjomba wake hata kidogo. Nikakaa kimya. Na tajiri mwenyewe, kwa bahati mbaya ya pekee, anaitwa Aziz.

"Aziz Ali wapo?" konda akaita.

"Yupo!" mama wa samaki akapiga ndoo. "Mshushe hapahapa na rehani zake!"

Gari likalipuka. Watu walicheka mpaka dereva akageuka. Dada mmoja aliyekuwa anashuka kweli Aziz Ali akapitilizwa mpaka Uhasibu, na alipokuwa anashuka hakumtukana konda, hakumtukana dereva. Alinitukana mimi.

Baada ya wiki tatu nikakutana tena na yule mama, ndoo ileile. Hata salamu hakunipa. "Alirudi kwao?"

Nikameza mate. "Hapana, mama. Wajerumani walipita wakikamata wanaume. Yeye kajificha, hawakumwona, wakaondoka."

"Alhamdulillahi."

"Halafu akatoka mbio akawafuata."

"Akawafuata?"

"Ndiyo."

"Wameshampita?"

"Wameshampita."

Akanitazama muda mrefu. "Na kitabu hicho ulikilipia?"

Nikaanza kumweleza, kwa sauti ya mtu wa fasihi, kwamba mtoto aliyekulia kwenye deni la mwenzake hata akitoroka anatorokea kwa bwana mwingine. Akanikata: "Baba, hilo usinifundishe. Mwezi wa tatu nimekopa kwa huyu nikamlipe yule." Akapakata ndoo yake, akaangalia mbele mpaka Kariakoo. Sikufungua kitabu siku ile.

Vingine havikunipa raha wala kunipa watu. *Nagona* ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni nyembamba kiasi kwamba nikasema hiki cha jioni moja. Kimenila miezi miwili na sina uhakika kama nilikianza. *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed niliisoma umeme umekatika, mimi na tochi ya simu na mzuka wa babu wa watu, na choo chetu kiko nje. Nilivumilia mpaka alfajiri. *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi shemeji alinimalizia nikiwa ukurasa wa 30, kisa kaiona sinema yake. Na *Theft*, ya Gurnah ya mwaka 2025, kwa Kiingereza, mna kijana anakuja kuwa mtumishi kwenye nyumba ya Dar es Salaam hii hii. Nakaa Dar, nasoma habari za Dar, kwa kamusi. Nikisema nachoka naambiwa sina uzalendo.

Kumbe mke wangu muda wote huo amemaliza hadithi thelathini na ushee kwenye simu. Makundi ya WhatsApp. Sehemu ya 14, mdada anasukuma mlango wa chumba cha hoteli, haamini macho yake, ITAENDELEA, kwa sehemu ya 15 tuma buku. Naye anatuma! Mimi ndiye ninayeitwa mharibifu wa pesa ndani ya nyumba hii. Usiku mmoja nikapitisha jicho begani kwake, kama yule mama wa samaki, nikauliza kwa unyenyekevu: alimkuta nani mle chumbani?

"Tuma buku."

"Mke wangu..."

"Tuma buku, anko."

Nikatuma. Nimezidiwa nini na mimi? Alikuwa pacha wake. Nimesoma fasihi ya Nobel mwaka mzima nikapata matusi kwenye daladala, na kwa buku moja nimekosa usingizi kwa sababu ya pacha! Na pacha mwenyewe ana mimba, na ya nani sijui, na ya kujua ni buku nyingine, na leo ni tarehe 28, mshahara wa Desemba tumeula Krismasi, ada Januari inasubiri, mwenye nyumba kapiga simu mara mbili, halafu mtu anafunikia maharage kitabu nilichokinunu...

Watoto wanapiga kelele uani. Maji! Maji yametoka!

Nimenyakua ndoo, nimevaa kandambili moja yangu moja ya mke wangu, nimefika bombani foleni imeshakata kona ya choo. Watu wenyewe hawapo, wamerudi ndani kulala, wamepanga vyombo. Dumu la njano, beseni, dumu, sufuria iliyotoboka, jiwe. Na kati ya jiwe na ndoo ya bluu, jalada limevimba, linanukia nazi na kitunguu saumu, *Peponi*.

Nikainama kukiokota.

"Weee, usikisogeze hicho," bibi mmoja akaniambia kutoka kibarazani. "Kina mwenyewe."

Nikaweka ndoo yangu nyuma ya ile ya bluu.